Mayai ya Saruji

Mtu akiniuliza mama mwenye nyumba wetu wa Wazo alikuwaje, naanzaga na mikono. Ilikuwa mikono mikubwa kwa mwanamke mfupi vile, na siku ya vifaranga haikuruhusiwa kunukia chochote. Tangu jana yake hagusi sabuni ya kuogea, hapaki mafuta, hakati kitunguu. Anaichovya kwenye majivu, anaisuuza, halafu anaisugua na nyasi za kiota mpaka inanuka kuku. Ukipita karibu yake na marashi yako unarudishwa ndani kama mtoto. "Wewe nenda kazini na manukato yako. Hapa tunapokea wageni."

Kwa wasiofuga, nieleze kidogo. Vifaranga wa mashine wanakuja kwenye boksi la matundu, wana siku moja, hawajawahi kumwona mama. Mtaani kwetu kila aliyewanunua aliwafungia kwenye bruda: katoni la friji, balbu, na jiko la mkaa la akiba. Umeme unakatika, mwenye jiko anapitiwa na usingizi, asubuhi anazoa maiti kwa koleo. Mama mwenye nyumba aliwaonea huruma na kuwacheka hapohapo. Yeye aliwachukua vifaranga walewale, akampa tetea aliyekuwa analalia mayai, na tetea akawalea kama aliowatotoa mwenyewe. Watu walikuwa wanakuja kutoka Kunduchi kushangaa, na yeye alipenda sana kushangaliwa.

Siri ilikuwa mayai. Tetea hapokei watoto kabla hajakaa juu ya mayai siku za kutosha, mwili ukapata joto, akili ikatulia kwenye jambo moja. Lakini mayai ya kweli yana kazi jikoni, na kwa joto letu yanakuwa viza upesi. Basi yeye alikuwa na mayai ya saruji. Alitoboa yai kwenye ncha, akamwaga kilichomo kwenye kikaango, akajaza uji wa saruji iliyobaki alipojenga choo, akaliacha likauke siku tatu, akamenya ganda, akalipiga msasa. Alikuwa nayo arobaini na kitu kwenye kikapu chini ya kitanda, mazito, ya kijivu. "Sie watu wa Wazo bwana," alisema, "tuna kiwanda cha saruji, hata kuku wetu wanalalia saruji."

Mara ya kwanza kuona kazi yenyewe nilikuwa na miezi miwili tu kwenye nyumba ile, binti yangu Salma yuko mgongoni. Alfajiri, adhana bado. Mama mwenye nyumba alikuwa amechuchumaa mbele ya tetea mmoja mwekundu aliyeitwa Hakimu, kwa sababu alikuwa anamwangalia kila mtu kama ana kesi. Akaingiza mkono chini ya tumbo, akatoa yai moja la saruji, na mkono uleule ukarudi na kifaranga. Mmoja tu. Akanyanyua kidole nisikohoe. Tukasubiri. Hakimu akavimba, akanyamaza, halafu akatoa sauti ya chini, ya kooni, sauti ambayo kuku hamtolei mtu mzima.

"Kapokea," alininong'oneza.

Hapo ndipo wakaenda wengine. Yai linatoka, kifaranga anaingia, yai linatoka, kifaranga anaingia, mpaka kumi na wanne. Nikajua tumemaliza, nikaanza kuondoka. Akanishika khanga. Akageuza ndoo, akaikalia, akaniachia kigoda.

"Bado kabisa. Gizani anawajua kwa tumbo. Jua likitoka atawatazama usoni. Wapo matetea wanapokea vizuri hivi, kukicha wanadonoa watoto macho."

Tukakaa mpaka kukapambazuka. Hakimu akasimama, akainamisha kichwa, akawaangalia kwa jicho moja, akageuka akawaangalia kwa jicho la pili. Kifaranga mmoja akampanda mgongoni. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshanyoosha mkono tayari kunyakua. Hakimu akaparura chini, akaita watoto waje wale. Yule mama akashusha pumzi, akaniambia nikapike chai, tena iwe na tangawizi.

Hakuwa mtu rahisi, tusidanganyane. Uwanja wake ulifagiliwa kabla ya saa moja asubuhi na kila mpangaji alikuwa na zamu yake, mwanamume kwa mwanamke. Redio yake ilikuwa ya matangazo ya vifo tu, yakiisha anaizima. Aliogopa mjusi kafiri kuliko mwizi. Mwizi aliwahi kumfukuza mwenyewe kwa mwiko, lakini mjusi akionekana ukutani ilibidi aitwe mume wangu. Na kuku hakula. Aliwauza, aliwachinjisha, aliwapika akaonja chumvi ya mchuzi, lakini nyama hakutia mdomoni. Ukimuuliza kwa nini, anakuuliza na wewe kwa nini unamwuliza.

Alichochukia kuliko vyote ni uongo. Kulikuwa na kijana mpangaji wa chumba cha uani, aliaga kwamba anakwenda kumzika mjomba wake. Siku ileile mama mwenye nyumba akaenda Kunduchi, kama alivyokuwa anaendaga kila wiki, kuchukua vumbi la dagaa la kuchanganya kwenye chakula cha kuku. Akamkuta kijana kwenye meza ya pweza, na msichana.

"Pole kwa msiba," akamwambia. "Marehemu naona kafufuka, na kavaa sketi."

Kijana alipewa mwezi mmoja ahame. Tulimwombea sote, mume wangu mpaka akapiga magoti. Wapi! Akasema pweza hana neno, msichana hana neno, ila mtu anayemuua mjomba wake kwa mdomo hawezi kulala chini ya bati lake. Nikamchokoza: "Mama, na wewe mbona unawadanganya kuku?" Akanijibu bila kufikiri. "Kuku hajaniuliza. Akiniuliza nitamwambia."

Alikuwa na mtoto mmoja, mwanamume mtu mzima, fundi wa mafriji, anaishi Kipawa. Kila Jumamosi alikuja na sukari na kipande cha sabuni, akakaza bawaba za milango, akatusalimia mmoja mmoja. Akishaondoka tu, mama yake anaanza. "Huyo mnayemwona, nilimzaa siku mbili! Mvua inanyesha, paa linavuja, mkunga anakinga maji na sufuria. Katoka wa bluu. Nikasema huyu ni wangu hata angetoka wa kijani." Wapangaji wote tuliijua hadithi hiyo kwa moyo. Watoto wa pale uani waliiigiza, mmoja anakuwa mkunga na sufuria kichwani. Mie nilikuwa nacheka na wenzangu, lakini ndani ilikuwa inaniuma, kwa sababu sikuwa na hadithi kama hiyo.

Salma sikumzaa. Mama yake alikuwa mke wa kwanza wa mume wangu, akafariki mtoto ana miezi minne. Mie niliolewa mtoto ana miezi saba, na wiki ileile tukahama Temeke tukaja Wazo, mume wangu akapata kazi kiwandani, na hakuna aliyetujua. Nikawa Mama Salma. Jina hilo nililipenda kuliko hata nilivyompenda aliyenioa, na nilikuwa nimeapa hakuna mtu atakayenivua.

Siku moja tunachambua mchele, mama mwenye nyumba akaniuliza na mimi uzazi wangu ulikuwaje. Nilikuwa nimeshajiandaa siku nyingi. Nikasimulia yote: uchungu ulianza saa ngapi, nesi alivaa nini, mtoto alilia vipi. Akanisikiliza mpaka mwisho, mikono kwenye ungo.

"Umesimulia vizuri mno," akasema. "Mtu aliyezaa kweli anasahau. Leo anasema ilikuwa asubuhi, kesho anasema jioni. Na huyu mtoto sijaona ukimnyonyesha hata siku moja. Alikuja na chupa."

Nikalia pale pale, machozi kwenye mchele. Hakunibembeleza. Aliniambia mambo mawili tu. La kwanza, hatomwambia mtu, na hakumwambia. La pili, mtoto nimwambie mwenyewe, mapema, kabla hajaambiwa na mdomo wa barabarani. Kuanzia hapo kila Salma akitimiza mwaka, yule mama anamletea yai la kuchemsha na mie ananiuliza kwa sauti ya chini: "Umemwambia?" Nami nasema bado.

Ubishi wangu niliwahi kuuonyesha hata kwa kuku. Alikwenda Kipawa kwa mwanawe siku kumi, mie nikabaki na ufunguo wa banda. Jirani mmoja akaleta boksi la vifaranga, kashindwa na bruda, ananibembeleza niwapatie mama. Nikaangalia matetea, nikamwona Nesi, mweupe, mpole, kalalia mayai ya saruji. Nikanawa majivu, nikaamka alfajiri, nikafanya kila kitu kama nilivyoona. Sauti ya kooni sikuisikia, lakini nikajiambia huyu ni mpole tu. Nikaweka kumi na wawili. Kulipokucha Nesi aliinuka, akawatazama, akaua watatu kabla sijafika na ndoo ya kuwaokolea. Huyo ndiye Nesi, mpole wa wapole.

Mama mwenye nyumba aliporudi aliniuliza swali moja: "Alikuwa kalalia siku ngapi?" Nikasema nne. Akatikisa kichwa. "Nne! Hata wewe ningekuletea mtoto wa mtu siku ya nne ungemtupa. Hujakosea mikono, Mama Salma. Umekosea kalenda." Akawazika wale watatu chini ya mpapai, na habari ikaisha.

Salma alipokuwa na miaka tisa ilikuja simu kutoka Lindi. Bibi yake, mama wa marehemu, anakuja Dar kutibiwa mguu, na anataka kumwona mjukuu wake kabla hajafa. Mume wangu hakuweza kukataa, na mie pia nisingeweza. Yule ni mama aliyezika mwanawe. Lakini nilijua akishuka tu kwenye gari ataangua kilio, ataita jina la mwanawe mbele ya Salma, na mie nitabaki nimesimama pale kama yaya. Nilikonda. Nikamfuata mama mwenye nyumba bandani, nikamwambia wazi: naogopa. Salma akijua, hatonitaka.

"Wewe umelalia miaka tisa," akasema. "Tisa! Hakimu analalia wiki tatu na hakuna mtu anayemwondoa. Sasa unaogopa nini?"

"Basi nimwambie usiku akiwa nusu usingizini, kama unavyofanya kuku."

Ndiyo mara pekee alinipandishia sauti. "Mtoto si kifaranga! Kifaranga unamwingiza gizani kwa sababu hana la kuuliza. Huyu ana maswali. Mwambie mchana, uani, akuone uso. Ukimwambia gizani ataona kuna kitu cha kuona haya."

Nikamwambia Ijumaa mchana, katoka shule, kuku wanaparura miguuni petu. Nilisema vibaya, nikarudia, nikasahau, nikaanza upya. Nilimwonyesha picha ya mama yake, ambayo nilikuwa nimeificha ndani ya foronya miaka yote. Salma akaitazama muda mrefu. Halafu akaniuliza: "Kwa hiyo wewe ni nani?"

"Ni mama yako."

"Si umesema siyo wewe?"

Akachukua picha, akaenda chumbani kwa mama mwenye nyumba, akafunga mlango. Nikakimbia nyuma yake. Yule mama alikuwa ameshafika mlangoni kabla yangu. Akageuza ndoo ileile, akaiweka nje ya mlango, akanielekeza kwa kidevu.

"Kaa. Usigonge, usimwite, usimguse. Lakini kila akifungua mlango akukute."

Siku tatu nilikaa kwenye ndoo. Nilipikia pale, nilichambua mboga pale, wapangaji wakapita bila kuuliza, mume wangu akarudi kutoka kiwandani na vumbi lake akakaa chini kando yangu. Salma alitoka, akaenda msalani, akanipita. Akatoka, akala, akanipita. Hakuniita mama, hakuniita chochote. Naapa hakuna uchungu wa siku mbili unaoufikia ule wa siku tatu. Jioni ya tatu akatoka nywele zimefumuka, na chanuo mkononi. Akaketi chini katikati ya magoti yangu, mgongo kwangu, akanipa chanuo.

"Kesho shule," akasema. "Usivute sana."

Ndivyo alivyokuwa akisema kila Jumapili ya maisha yake. Nikasuka nalia, naye akanivumilia. Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni, akatuangalia kidogo, halafu akaenda kuwafungia kuku wake. Bibi alipokuja, Salma alimshika mkono mwenyewe akamwambia, "Huyu ndiye mama yangu, na yule wa kwenye picha ndiye mama yangu." Bibi akalia, tukalia wote, tukala wali.

Hayo yamepita miaka. Mama mwenye nyumba macho yake yaliingia ukungu, sukari ikampanda ikamharibu miguu, na mwaka jana mwanawe akaja na gari la kukodi akamchukua Kipawa. Kuku aliniachia mimi. Kikapu cha mayai ya saruji pia aliniachia, akayahesabu kwa vidole mbele yangu nisije nikamwibia.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Salma yuko kidato cha pili, alikuwa na mtihani, akanipa salamu. Nilimkuta kitandani kwenye chumba kidogo, pazia limefungwa saa nane mchana. Nikasema shikamoo Mama, akaitika, akanusa.

"Umejipaka marashi."

"Leo hakuna vifaranga, Mama."

Akacheka. Mwanawe, ambaye sasa ana mvi, alimpangia mito, akaniletea kiti, akamfuta mama yake mdomo kwa upole ambao sijauona kwa watoto wengi. Akasema anakwenda dukani kununua maziwa ya chai. Ndege ikapita juu ya bati, tukanyamaza mpaka ipite. Kipawa mazungumzo ndivyo yalivyo. Ilipopita, mama mwenye nyumba akanitafuta mkono.

"Salma ulimwambiaje?"

Nikashangaa. "Si ulikuwepo?"

"Nilikuwa mlangoni. Sikusikia maneno. Ulianzaje? Neno la kwanza lilikuwa lipi?"

"Mama, unataka ya nini?"

Akaubana mkono wangu. "Ule uchungu wa siku mbili ulikuwa wa mdogo wangu," akasema. "Mvua kweli, sufuria kweli, na wa bluu kweli. Mie nilikuwa nashika taa. Mdogo wangu hakufika asubuhi. Nikamfunga mtoto kwenye khanga, nikahamia mjini."

Ndipo nikakumbuka: miaka yote ile hadithi ilikuwa na maneno yaleyale. Haikuwahi kubadilika mvua, wala sufuria, wala rangi. Kumbe alinikamata siku ya mchele kwa sababu kosa langu alikuwa analo mwenyewe.

Nilikasirika, sifichi. Mtu huyu alimfukuza kijana wa watu kwa ajili ya mjomba. Alinikalisha kwenye ndoo siku tatu. Nikamwambia: "Uliniambia nifanye jambo ambalo wewe uliliogopa!"

"Ndiyo maana nilikuambia," akasema. "Nilishajua ukiliacha linakuwaje. Kila mwaka linaongezeka uzito. Sasa nakufa, na nikifa watakuja watu wa kwetu. Msibani watu wanaropoka. Ataambiwa kwenye foleni ya chakula, ameshika sahani. Nifundishe, Mama Salma. Akiondoka, mie sina miguu ya kumfuata."

Hasira ikaniisha. Nikamwona jinsi alivyo, mfupi, kipofu, mikono mikubwa juu ya shuka, anaogopa kitu kilekile nilichokiogopa mie. Nikamshika.

"Mama, umelalia miaka hamsini."

Akatoa kicheko kidogo, kikakatika. Nje geti likalia. Tukasikia viatu vinavuliwa, tukasikia paketi ya maziwa inawekwa mezani. Mwanawe akachungulia, akauliza kama chai iwe na tangawizi.

"Chai baadaye," mama mwenye nyumba akasema. "Njoo ukae hapa, mwanangu. Lakini fungua pazia kwanza."

Akalivuta pazia, jua likaingia mpaka kitandani. Nikainuka niwaachie chumba chao. Yule mama akanishika khanga kwa nguvu zote alizobakiza, na kwa mguu wake mbovu akaisukuma kwangu ndoo iliyokuwa kando ya kitanda.

Nikaigeuza, nikakaa.